Kutoka Mwiko hadi Uwajibikaji: Historia ya Istilahi za Mwenendo wa Mawaziri

Tangu Januari 1967, Serikali ilipoagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, wafasiri wa nchi hii wamekuwa na kazi moja isiyokwisha: kutafuta maneno ambayo kwayo mwananchi ataelewa jinsi anavyotawaliwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka huo huo. Kazi ya kutaja vyombo vya dola haikuwa ngumu sana, kwa kuwa Bunge, Mahakama, Wizara na Tume yalikuwa majina yaliyokwisha kuzoeleka. Palipokuwa na ugumu, na bado pana ugumu, ni katika maneno yanayoeleza kiongozi anadaiwa nini na wale anaowaongoza, na litampata jambo gani asipolitimiza deni hilo.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya baadhi ya maneno hayo, hasa yale yanayomhusu waziri: mwiko, sharti, maadili, kuwajibika, dhima na kinga. Historia hiyo si ya maneno matupu. Neno moja likitumika kwa mambo matatu, waziri anaweza kuonekana ametimiza yote matatu hali ametimiza moja. Ili maelezo yasielee hewani, tutachukua mifano mingi kutoka Morogoro na Milima ya Uluguru, mahali ambapo mengi ya mambo haya yaliwahi kupita.

Kabla ya kuja kwa waziri

Neno waziri tumelipokea kutoka Kiarabu, na wajuzi wengi wa lugha hiyo hulihusisha na neno lenye maana ya mzigo: waziri ni mtu amchukuliaye mtawala mzigo wake. Kwa asili basi, waziri hutazama juu, kwa yule aliyemtwika. Swali la kama anatazama pia chini, kwa watu, halimo katika neno lenyewe. Halina budi kuletwa na sheria.

Waluguru walikuwa na mpango tofauti. Kabla ya utawala wa kikoloni hapakuwa na mtawala mmoja aliyetawala milima yote. Watu walifuata ukoo wa mama, na kila tombo, yaani tawi la ukoo, lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa mndewa. Mndewa aligawa ardhi ya tombo, akasuluhisha ugomvi na kusimamia matambiko. Jina la cheo lilirithiwa pamoja na cheo; ndiyo sababu jina la Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa mvua, limeendelea kuitwa kizazi baada ya kizazi. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ardhi haikuhesabiwa kuwa mali ya mndewa. Aliishika kwa niaba ya ndugu zake walio hai, waliokufa na wasiozaliwa. Kwa Kiswahili cha leo tungesema aliishika kwa dhamana.

Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, waliweka Sultani juu ya Waluguru, pamoja na wasaidizi wenye mishahara. Tangu hapo palikuwa na uongozi wa namna mbili milimani: mndewa aliyejibu kwa tombo lake, na Sultani aliyejibu kwa Bwana Shauri mjini Morogoro. Tofauti hiyo ilidhihirika katika miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, na wakakatazwa kuchoma mashamba. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengine matuta yalifukua udongo usio na rutuba, mazao yakapungua. Sultani Sabu bin Sabu na wasaidizi wake ndio waliotakiwa kuzisimamia amri hizo. Mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Baada ya hapo mpango ukaachwa.

Wataalamu wawili, Roland Young na Henry Fosbrooke, waliandika kitabu juu ya ardhi na siasa ya Waluguru kilichotoka mwaka 1960, na tukio hilo lina nafasi kubwa ndani yake. Kwa sisi tunaoshughulika na maneno, somo la Matombo ni hili: waliokuwa na wajibu walikuwa wengi, lakini hapakuwa na mahali ambapo Mluguru angeweza kumtaka Sultani ajieleze mbele yake. Wajibu ulipanda juu, haukushuka. Sheria ya machifu ilifutwa mwaka 1963, lakini swali hilo halikufutwa pamoja nayo.

Masharti na miiko

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Kwa mwanaistilahi, hati hiyo ni ghala. Ndani yake na katika hotuba zilizoifuata, maneno kama unyonyaji, ubepari na ukabaila yalipata maana mpya. Bepari, neno lililotoka Bara Hindi, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Kabaila alikuwa mtu wa ukoo bora. Yote mawili yaligeuzwa kuwa majina ya wapinzani wa ujamaa. Mtaani nako watu hawakungoja kamati yoyote: waliwaita wakubwa wenye magari ya fahari wabenzi.

Sehemu ya mwisho ya Azimio ndiyo inayotuhusu zaidi. Iliweka masharti kwa viongozi wa TANU na wa Serikali, mawaziri wakiwamo. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Zaidi ya hayo, Azimio lilitoa maana ya neno kiongozi: lilimhesabu mume pamoja na mke, ili asitokee mtu wa kuandikisha nyumba kwa jina la mwenzake. Kwa kadiri ya istilahi, huo ulikuwa ufundi mkubwa. Waliotunga hati hiyo walitambua kwamba sharti huvunjika kwanza katika maana ya neno, ndipo likavunjika katika vitendo.

Hati ilitumia zaidi neno sharti, lakini watu wakazoea kusema miiko ya uongozi. Maneno hayo mawili hayalingani. Sharti ni neno la mapatano: mtu hukubali cheo pamoja na masharti yake, akiyavunja cheo humtoka. Mwiko ni neno la kale zaidi na zito zaidi. Koo nyingi za nchi hii, za Uluguru zikiwamo, zina miiko yao, kama vile mnyama asiyeliwa au jambo lisilotendwa. Mwiko haujadiliwi, wala hauna ruhusa maalumu ya kuuvunja siku ya haja. Aliyeuvunja hangoji kuhukumiwa. Aibu humpata kwa kitendo chenyewe. Kwa kuchagua neno mwiko, wananchi walilitia Azimio nguvu ambayo mwanasheria asingeweza kulitia.

Lakini nguvu hiyo ilikuwa na upungufu wake. Mwiko hauna utaratibu. Haumwambii mwananchi apeleke wapi malalamiko, nani asikilize, na ushahidi wa namna gani unatosha. Ndiyo maana vyombo vilihitajika. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilikuwa imekwisha kuundwa kwa Katiba ya Muda ya 1965, ikaanza kazi mwaka 1966 chini ya Mwenyekiti wake wa kwanza, Chifu Erasto Mang'enya. Ilisafiri mikoani ikipokea malalamiko juu ya matumizi mabaya ya madaraka, kisha ikatoa taarifa kwa Rais, ambaye ndiye aliyeamua la kufanya. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kuzuia rushwa, na mwaka 1973 ikatungwa sheria iliyounda kamati ya kusimamia masharti ya uongozi. Mwongozo wa TANU wa 1971 nao uliongeza jambo ambalo masharti ya mali hayakuligusa: katika kipengele chake cha 15 ulimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kipengele hicho barabara, na katika migomo ya miaka iliyofuata walikitaja mbele ya mameneja wao kana kwamba ni kifungu cha sheria.

Mzumbe na neno uongozi

Chini ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara iendayo Iringa, ipo Mzumbe. Mwaka 1953 ilianzishwa hapo shule ya serikali za mitaa, kwa ajili ya kuwafunza watumishi wa tawala za wenyeji. Mwaka 1972 ikageuzwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Maafisa wengi waliokuja kuendesha wizara, mashirika na halmashauri walipita katika madarasa hayo.

Jina la mwaka 1972 linastahili kuangaliwa. Katika jina hilo uongozi ni maarifa ya kuendesha shughuli: kupanga, kuajiri, kutunza fedha. Katika Azimio uongozi ni heshima ya kisiasa iliyofungwa na masharti. Neno moja lilibeba mambo mawili, na kwa muda hilo lilikuwa na faida, kwani masharti ya Azimio yaliwahusu waziri na meneja wa shirika kwa pamoja. Hata hivyo palizaliwa mkanganyo. Afisa aliyefunzwa kwamba uongozi bora ni kufuata taratibu za fedha aliweza kuamini kwamba asiye na dosari katika vitabu vya hesabu hana dosari kabisa. Mwananchi naye aliweza kuamini kwamba kiongozi mpole, asiye na nyumba ya kupangisha, hawezi kuwa amelitia taifa hasara. Wote wawili walikosea, na neno liliwasaidia kukosea.

Mwaka 1977 na neno kuwajibika

Wajibu ni neno la Kiarabu lenye maana ya jambo la lazima. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo pia tendo lake, kuwajibika, kwa maana ya kuwa chini ya lazima au kupasiwa. Katika maana hiyo ya kwanza, kila mtu huwajibika: mzazi kwa mwanawe, mkopaji kwa mkopeshaji.

Katika siasa yetu neno hilo lilichukua sura nyingine, na tukio linalotajwa mara kwa mara ni lile la mauaji ya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuna aliyedai kwamba yeye mwenyewe alimpiga mtu au aliamuru apigwe. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu, kwa hoja kwamba yaliyotendwa na walio chini ya wizara yake yanamhusu. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, alichaguliwa kuwa Rais, na mfano wake ukazidi kukumbukwa.

Mfano huo ulikuwa mwema, lakini kwa upande wa istilahi ulileta tatizo. Kwa kuwa waziri aliyesifiwa kwa kuwajibika alifanya hivyo kwa kujiuzulu, taratibu kuwajibika kukawa ni kujiuzulu. Leo magazeti yakiandika kwamba waziri fulani awajibike, msomaji anaelewa kwamba anatakiwa kuondoka. Ibara ya 53 ya Katiba inalitumia neno hilo kwa maana nyingine: mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, huwajibika kwa pamoja Bungeni juu ya utekelezaji wa shughuli za Serikali. Hapo kuwajibika hakumaanishi kuondoka. Kunamaanisha kubaki, kusimama, kuulizwa na kujibu. Waziri anayejiuzulu kabla ya kuhojiwa amewajibika kwa maana ya magazeti, wakati kwa maana ya Katiba amekwepa.

Kujiuzulu nako kuna historia yake. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe. Kwa waziri anayeondolewa na Rais, siku hizi tunasema uteuzi wake umetenguliwa. Kutengua ni neno zuri la Kiswahili: udhu hutenguliwa, na uamuzi wa mahakama hutenguliwa. Lakini anayetengua udhu halazimiki kumweleza mtu sababu. Vivyo hivyo, taarifa kwamba uteuzi umetenguliwa haisemi kama kuna kosa, wala kama kosa hilo litachunguzwa.

Dakawa, 1984

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Mkoa wa Morogoro, akitoka Dodoma. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa mjini Morogoro mwaka huo kilipewa jina lake. Anakumbukwa hasa kwa mapambano ya mwaka 1983 dhidi ya ulanguzi na magendo, na mapambano hayo yaliiachia lugha yetu istilahi ya uhujumu uchumi. Kuhujumu ni kushambulia, tendo la adui vitani. Hapo lilihamishiwa kwa mtu afichaye sabuni na sukari.

Mwanaistilahi mwenye kumheshimu Sokoine hana budi pia kusema ukweli kuhusu sheria ya mwaka ule. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma ili iwahusu. Mahakama maalumu ikaundwa nje ya mahakama za kawaida. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, mahali pake ikawekwa Sheria ya Uhujumu Uchumi, na mashauri yakarudishwa katika mkondo wa mahakama. Tunajifunza kwamba neno kali likitangulia sheria, sheria hulazimika kulikimbilia neno. Aliyekwisha kuitwa mhujumu ni vigumu kuitwa mtuhumiwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayomlinda mtu yeyote, waziri au mkulima wa Kinole. Mtuhumiwa ni anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani. Mfungwa ni aliyehukumiwa kifungo. Mfasiri anayeyachanganya anatoa hukumu bila kuapishwa.

Maadili, 1995

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya 1967. Mwanachama akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kuwa na mapato zaidi ya mshahara mmoja. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na kwa hiyo miiko ya chama kimoja haikuweza tena kuwa kanuni ya viongozi wote. Mwaka 1995 Bunge likatunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka huo. Katiba nayo, katika ibara ya 132, ikaweka Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2015, na chombo chake kikaitwa Tume.

Kwa sheria ya 1995, waziri hakukatazwa tena kuwa na mali, alitakiwa aitangaze. Hutoa tamko la mali na madeni aingiapo madarakani, kila mwisho wa mwaka, na aondokapo. Malalamiko yanaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Maadili. Na ibara ya 67 ya Katiba imeifungamanisha sheria hiyo na sifa za kugombea ubunge.

Mabadiliko hayo ya fikra yamo katika neno. Maadili yana asili moja na uadilifu na mwadilifu. Ni mwenendo mwema, jambo la kufundishwa na kuigwa. Mwiko huogopwa, lakini maadili huelezwa kwa kiasi: maadili mema, maadili duni, maadili yaliyoporomoka. Mtu anaweza kuwa na upungufu wa maadili, wala hakuna awezaye kuwa na upungufu wa mwiko. Hatusemi kwamba neno lilichaguliwa vibaya. Tunasema kwamba limepunguza makali, na waandishi wa sheria walipaswa kuyarudisha makali hayo kwa vifungu vilivyo wazi. Wakati huo huo fisadi, ambaye katika kamusi za zamani alikuwa mpotoshaji na mharibifu wa wanawake za watu, alihamia katika siasa. Tangu 2007 mtu akisema mafisadi, kila mtu hufikiria fedha za umma.

Njia tatu na neno moja

Mambo matatu ya karne hii yatatuonyesha kwa nini ni lazima tutenganishe maneno.

La kwanza ni la Februari 2008. Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, iliwasilisha taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakajiuzulu pia. Lowassa alilalamika Bungeni kwamba Kamati haikumhoji. Hii ilikuwa njia ya Bunge, na mwisho wake ni cheo kupotea, si hatia kuthibitishwa.

La pili ni la Februari 2015. Baada ya mjadala wa Bunge juu ya akaunti ya Tegeta Escrow, Baraza la Maadili liliwaita hadharani baadhi ya viongozi kujibu malalamiko chini ya sheria ya 1995. Hiyo ilikuwa njia ya maadili. Swali lake si kama mtu ameiba. Ni kama ameuheshimu mwenendo unaotakiwa katika cheo chake.

La tatu ni la Julai 2015. Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia Serikali hasara, katika shauri lililoanza mwaka 2008. Waliadhibiwa kifungo cha miaka 3, nacho kikapunguzwa kwa rufani. Katibu Mkuu aliyeshtakiwa pamoja nao, Gray Mgonja, aliachiwa huru. Hiyo ilikuwa njia ya jinai. Ina mashtaka, ushahidi, utetezi, hukumu na rufani, na kama mfano huu unavyoonyesha, mmoja aweza kutoka mikono mitupu na mwingine na adhabu.

Katika njia zote tatu waandishi waliandika kwamba viongozi waliwajibishwa. Hawakusema uongo, lakini msomaji hakuambiwa kitu. Kitenzi hicho kina kauli mbili ndani yake: kauli ya kusababisha na kauli ya kutendwa. Mwenye kutenda amefichwa. Wahusika watawajibishwa: na nani? Wapi? Kwa sheria gani? Barua za ofisi zimejaa sentensi hiyo, na mwandishi wake hujiona amekwisha kutenda kwa kuiandika.

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme taarifa ya wizara inasomeka hivi: Waziri atawajibika kwa hasara itakayotokea. Mwalimu wa uraia kule Matombo akiulizwa na mwanafunzi maana yake, anaweza kutoa majibu manne, na yote yatakuwa sahihi kwa lugha: kwamba waziri atajieleza Bungeni, kwamba atajiuzulu, kwamba atalipa fedha, au kwamba atashtakiwa. Sentensi yenye maana nne katika shairi huweza kusifiwa. Katika hati ya Serikali ni mlango wa kutokea.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na waandishi wa hati za Serikali.

Kwanza, kuwajibika kubaki na maana yake ya Katiba: kuwa na lazima ya kujieleza na kujibu maswali mbele ya mwenye mamlaka ya kuuliza. Kila mara kitajwe chombo: kuwajibika Bungeni, kuwajibika kwa Rais. Kuwajibika bila kutaja kwa nani ni sentensi isiyokwisha.

Pili, anayeacha cheo kwa hiari asemwe amejiuzulu, na aliyeondolewa asemwe ameondolewa. Kutengua uteuzi kutumike kwa hati yenyewe ya Rais, kusitumike kuficha sababu inapojulikana.

Tatu, jambo la kubeba matokeo ya kisheria liitwe dhima. Neno hili tunalo tangu zamani. Watu husema jambo liko katika dhima yangu. Tukisema dhima ya jinai na dhima ya madai, tunatenganisha kifungo na fidia, na tunalitenga jambo la mahakama na lile la Bunge.

Nne, maadili yatumike kwa kanuni zilizoandikwa, na uadilifu kwa sifa ya mtu. Majirani zetu wa Kenya, ambao Katiba yao ya 2010 ina sura nzima juu ya jambo hili, wamelizoea neno uadilifu katika maana hiyo, na si vibaya tukikubaliana nao.

Tano, mwiko usitupwe. Yapo makatazo yasiyo na kiasi, kama vile kupokea rushwa, ambayo hayafai kuitwa upungufu wa maadili. Hayo yaendelee kuitwa miiko, na sheria iyaite makosa.

Sita, kinga itumike kwa uangalifu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa Rais kinga dhidi ya mashtaka ya jinai awapo madarakani, na ibara ya 46A inalipa Bunge uwezo wa kumshtaki kwa utaratibu maalumu. Ibara hizo hazimtaji waziri. Waziri ana heshima, ana itifaki na ana ulinzi; maneno hayo matatu yasifasiriwe kwa namna itakayomfanya msomaji adhani ana kinga ileile ya Rais.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo, maneno tunayoyachagua katika kurasa kama hizi hayaishii tena katika orodha. Yataingia katika hati za mashtaka, katika hukumu na katika viapo. Ahadi za mwanachama wa TANU zilimfundisha kwamba cheo ni dhamana, na msemo huo umekuwa kama methali. Neno dhamana tunalitumia pia mahakamani, kwa mtu aliyeachiwa kwa muda akiahidi kurudi kujibu. Maana hizo mbili ziko karibu kuliko tunavyofikiri. Mndewa aliyeshika ardhi ya tombo alijua siku ya kuulizwa itafika, na alijua atakayemuuliza ni nani. Waziri naye ajue hivyo, na ajue kwa neno lisilo na maana mbili. Kazi ya kumpatia neno hilo ni yetu.